Afya ya Mtumishi wa Mshahara Mdogo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Yachapwa hapa kwa ombi la Kamati.)



Naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa ya kusimama mbele yenu jioni hii. Mimi si daktari wala si mwanasheria. Ni karani, na maisha yangu ya kazi nimeyapitisha katika kuandika madaftari. Walakini Kamati iliniambia ya kuwa jambo hili lafaa lisemwe na karani, na nitakapofika mwisho mtaona kwa nini.

Nyote mmelisoma tangazo lililobandikwa ukutani. Ofisi yakusudia kuanzisha mpango wa afya kazini. Kila Ijumaa, baada ya saa za kazi, kutakuwa na mazoezi ya viungo. Kila miezi mitatu tutapimwa uzito, sukari na shinikizo la damu. Tena mara kwa mara atakuja mtaalamu kutufundisha habari za chakula bora na usingizi, na kujiepusha na pombe na tumbaku. Wengine wenu wamelipokea tangazo hilo kwa furaha. Wengine wamenung'unika wakisema ni kupoteza wakati. Kamati imetakiwa itoe jibu kabla ya mwezi kwisha. Basi swali letu ni hili: tujibu nini?

Nawaambia rai yangu mapema, msije mkanisikiliza kwa wasiwasi. Nasema tukubali, lakini tukubali kwa masharti. Maana mpango huu, kama ulivyoandikwa, utamfaa mtu ambaye tayari ana nafasi ya kujitunza, nao utampita kando yule mwenye haja nao kuliko sisi sote.

Ndugu zangu, niruhusuni niwasimulie habari moja. Katika ofisi niliyofanya kazi zamani kidogo alikuwapo mzee mmoja mfagizi. Hakuwa mtumishi wa ofisi hasa, bali aliajiriwa na mkandarasi wa usafi, akilipwa kwa siku alizofanya kazi. Daftari la mahudhurio yake nalikuwa nikiliandika mimi, na kila mwisho wa mwezi nakala ikipelekwa kwa mkandarasi, naye akilipa kwa kadiri ya alama zilizomo.

Siku moja aliletwa mtaalamu kutufundisha habari za afya, na kwa kuwa mzee yule alikuwa akifuta madirisha, alisimama mlangoni akasikiliza. Mtaalamu alisema ya kwamba mtu mzima yampasa alale saa saba au nane, ale matunda kila siku, na atembee kwa miguu nusu saa. Alipouliza kama kuna mwenye swali, mzee akainua mkono, akasema, "Bwana, mimi jioni nauza kahawa mtaani hata saa nne za usiku, na naamka saa tisa na nusu nipate basi la kwanza, maana sharti ofisi iwe imefagiliwa kabla mabwana hawajafika. Hizo saa nane nizitoe wapi? Na habari ya kutembea, mimi natembea tangu kituo cha basi mpaka hapa, na humu ndani natembea na ndoo mchana kutwa."

Watu walicheka. Na mimi nalicheka. Mtaalamu naye alitabasamu, akaendelea na somo lake.

Baadaye mzee aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu, lile ambalo watu huliita presha. Zahanati ilimwambia aende mara moja kila mwezi, apimwe na kupewa vidonge. Alikwenda mwezi wa kwanza na wa pili. Siku hizo zote mbili naliandika katika daftari maneno haya: "Hakuja, bila ruhusa." Siku hizo mbili zikakatwa katika malipo yake. Mwezi wa tatu hakwenda tena. Nalimwuliza, "Shikamoo, Mzee. Mbona siku hizi huendi zahanati?" Akanijibu, "Marahaba, mwanangu. Nikienda kutafuta dawa, nakosa unga." Naliona ni jambo la kusikitisha, nikarudi mezani kwangu. Kabla ya mwaka kwisha alipigwa na kiharusi, akapooza upande mmoja. Yu hai hata leo, lakini hawezi kushika ufagio.

Sisemi ya kuwa alama zangu ndizo zilizompoozesha. Hilo hakuna awezaye kulijua. Nasema hili tu: mahali pale palikuwa na mtaalamu, palikuwa na masomo ya afya, na zahanati haikuwa mbali. Kilichomzuia mzee yule si ujinga. Alijua yampasayo kufanya, na taratibu ya kazi haikumpa njia ya kuyafanya. Na taratibu hiyo mwandishi wake nalikuwa mimi.

Pengine mtadhani nasema kwa huruma tu, kwa kuwa jambo hili lilinigusa. Basi na tuyatazame yaliyoonekana mahali pengine, ambako wenye elimu walifanya uchunguzi kwa hesabu. Nitataja matatu: la kwanza la Uingereza, la pili la Marekani, na la tatu la Amerika ya Kati.

La Uingereza latuhusu sana, kwa sababu waliochunguzwa walikuwa watumishi wa serikali kama sisi. Mwaka 1967 ulianza uchunguzi mkubwa juu ya wanaume zaidi ya 17,000 waliofanya kazi katika ofisi za serikali mjini London. Uchunguzi huo waitwa Whitehall, kwa jina la njia ambayo wizara nyingi zimo. Watu walikuwa wamezoea kudhani ya kuwa ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa, wenye mashauri mazito na vyakula vinono. Hesabu ikaonyesha kinyume chake. Watumishi wa daraja la chini kabisa, yaani matarishi, mabawabu na wenzao, walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wakubwa wa daraja la juu. Na makarani je? Makarani walikuwa katikati: hali yao ilikuwa bora kuliko ya matarishi, lakini mbaya kuliko ya waliowatangulia. Ilikuwa kama ngazi, kila kidato cha chini na hatari yake zaidi.

Mtu atasema, "Hao wa chini walivuta tumbaku zaidi." Ni kweli, walivuta zaidi. Lakini wachunguzi walipokwisha kutoa hesabu ya tumbaku, ya shinikizo la damu na mengine yajulikanayo, sehemu iliyo kubwa ya tofauti ilibaki palepale. Wala haikuwa kwa kukosa hospitali, maana huko tangu mwaka 1948 matibabu yalikuwa bure kwa watu wote. Kwa hiyo mwaka 1985 ulianza uchunguzi wa pili, wa watumishi 10,308, safari hii wanaume na wanawake, ukiongozwa na Michael Marmot. Huu uliuliza pia habari za kazi yenyewe. Ukaonyesha ya kwamba mtu asiye na sauti katika kazi yake, asiyeweza kuamua aanze na lipi wala apumzike lini, yumo katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa moyo. Mnaona, ndugu zangu: kukosa sauti kazini kumehesabiwa na wachunguzi pamoja na mambo yaletayo maradhi.

Sasa niwapeleke Marekani. Huko mara nyingi mwajiri ndiye atoaye bima ya matibabu, na kwa sababu hiyo makampuni mengi yameanzisha mipango ya afya kazini kwa tumaini la kupunguza gharama. Lakini je, mipango hiyo yafaa kitu? Wachunguzi wawili, Zirui Song na Katherine Baicker, walilipima jambo hili katika kampuni moja ya maduka makubwa, BJ's Wholesale Club, yenye wafanyakazi wapatao 33,000 katika vituo 160. Wengi wao hawakuwa watu wa mishahara mikubwa. Ni watu wa kupanga bidhaa, kupokea fedha na kuchukua mizigo. Vituo 20 vilichaguliwa kwa kura, vikapewa mpango: masomo ya chakula, ya mazoezi ya mwili na ya kupunguza wasiwasi. Vingine viliachwa vilivyo, vipate kulinganishwa navyo.

Matokeo ya miezi 18 yalichapwa mwaka 2019. Katika vituo vilivyopewa mpango, watu zaidi walisema ya kuwa wanafanya mazoezi na kuuangalia uzito wao. Hilo ni jema, wala tusilidharau. Lakini walipopimwa, shinikizo la damu, mafuta ya damu na uzito havikuonyesha tofauti ya kutegemewa. Gharama za matibabu hazikupungua, wala siku za kutokuja kazini hazikupungua. Masomo yaliingia masikioni na kwa kiasi fulani katika mwenendo. Ila katika damu na katika daftari la mahudhurio hayakuonekana. Mshahara, saa na namna ya kazi havikuwa sehemu ya mpango ule.

Jambo la tatu ni la El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati. Kwa miaka mingi wakata miwa wa pande zile wamekuwa wakipatwa na ugonjwa wa figo, wakafa wangali vijana. Wanafanya kazi nzito katika jua kali, nao hulipwa kwa kadiri ya miwa waliyokata. Basi mtu huona afadhali avumilie kiu kuliko kusimama. Katika mavuno ya 2014 hadi 2015, katika kiwanda kimoja cha sukari, ulijaribiwa mpango wa maneno matatu: maji, mapumziko, kivuli. Wakata miwa walipewa vyombo vya maji vya kubeba mgongoni. Turubai la kivuli likawa likihamishwa pamoja nao shambani. Saa za kupumzika zikawekwa kwa amri, si kwa hiari. Na pia walipewa panga lililotengenezwa vizuri zaidi.

Mwenye shamba angaliweza kusema, "Mkipumzika, kazi itapungua." Haikuwa hivyo. Katika hesabu ya kiwanda chenyewe, miwa aliyokata mtu mmoja kwa siku ilipanda kutoka tani 5.1 hadi tani 7.3. Ni haki niseme ya kwamba kikundi kilichochunguzwa kilikuwa kidogo, na kwa kuwa panga nalo lilibadilishwa, hatuwezi kuyapa maji na kivuli sifa yote. Lakini yatosha kuonyesha ya kuwa mtu aliyepewa maji na pumziko si hasara kwa mwajiri.

Sasa yaunganisheni mambo haya matatu. Whitehall yatufundisha ya kwamba maradhi hufuata ngazi ya kazi. Maduka ya Marekani yatufundisha ya kwamba masomo peke yake, kazi ikiachwa ilivyo, hayafiki mbali. Miwa ya El Salvador yatufundisha ya kwamba kazi yenyewe ikitengenezwa, mwili hupata nafasi na mwajiri hapotezi. Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mpango wa afya uliotungwa na mwenye shibe huanza na somo. Mwenye njaa angalianza na maji, muda, na malipo ya siku ya ugonjwa.

Na tusidhani ya kuwa haya ni kuomba fadhila. Sheria za Tanzania zimekwisha kuyasema mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema mtu asifanye kazi ya kawaida zaidi ya saa 45 kwa juma, na akifanya zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Yasema tena ya kwamba mwajiriwa astahili likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika muda wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, maadamu analeta cheti cha daktari. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa na mahali pa kunawa.

Cheti cha daktari! Ndugu zangu, mzee yule alikuwa na kadi ya zahanati mfukoni, yenye tarehe na mhuri. Mimi sikumwomba anionyeshe, na yeye hakujua ya kuwa yafaa kuionyesha. Kama ningalimwuliza, ningalimwambia aombe cheti, nami ningaliandika "Mgonjwa" na kukiambatisha. Pengine mkandarasi angalibisha, kwa kuwa watu wa namna ile huitwa vibarua hata wakifanya kazi mahali pamoja miaka mingi. Lakini angalibisha mbele ya karatasi, na jambo lingalikuwa na pa kuanzia. Kwa alama yangu mimi halikuwa na pa kuanzia.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta mbele ya mkutano masharti matano, yaandikwe katika jibu la Kamati.

Kwanza, mpango uwaingize wafagizi, walinzi na wapishi wa chai walioajiriwa na wakandarasi, nalo liandikwe katika mkataba wa mkandarasi wakati mkataba utakapofanywa upya. Mtu afagiaye sakafu tunayofanyia mazoezi asisimame mlangoni kutazama.

Pili, mazoezi, vipimo na masomo yawe ndani ya saa za kazi. Yakiwekwa baada ya kazi, watakaohudhuria ni wenye magari na wakaao karibu. Anayekaa mbali atakimbilia basi, na mama mwenye watoto atakimbilia nyumbani. Kisha itaandikwa ya kuwa hawapendi afya zao.

Tatu, siku ya kwenda kliniki kwa cheti ihesabiwe kuwa siku ya ugonjwa, si siku ya utoro. Hili liandikwe kwa barua na kutiwa sahihi, lisiachwe kwa wema wa mkubwa mmoja, maana wakubwa huhamishwa.

Nne, kabla ya kununua mizani na mikeka ya mazoezi, yatengenezwe haya: maji safi ya kunywa katika kila jengo, choo kinachofungika, kiti kwa mlinzi asimamaye langoni usiku kucha, na chumba ambamo mfagizi aweza kukaa na kula katika dakika zake 60.

Tano, hesabu za vipimo zikae kwa daktari, zisiingie katika faili la mtumishi. Sisi makarani twajua faili hupita mikononi mwa watu wangapi. Mtu akiogopa ya kuwa sukari yake itamzuia kupandishwa cheo, hatakuja kupimwa, na akija atakuja kwa hofu.

Hayo ni ya kuiomba ofisi. Yako na ya kujiagiza wenyewe, nayo hayangoji jibu la mtu. Sisi ndio tuandikao madaftari, tuchapao mikataba, tupangao zamu. Mkubwa hutia sahihi, lakini aghalabu maneno ni yetu. Kila mmoja wetu na aisome sheria ile ya mwaka 2004, na vifungu vya likizo ya ugonjwa na mapumziko vibandikwe kwa Kiswahili mahali wafagizi wanapovalia nguo za kazi. Na kabla ya kuandika "bila ruhusa", tumwulize mtu alikuwa wapi. Hakuna bajeti inayotakiwa kwa swali hilo.

Baadhi yenu mtaniambia ya kuwa chama chetu ni cha watumishi, na wafagizi wa mkandarasi si wanachama. Nalifikiri sana juu ya neno hilo. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika wa serikali, nao walikuwa makarani na walimu, watu wachache wenye kalamu katikati ya wengi wasio nayo. Kalamu ile ilikuwa na manufaa kwa sababu iliweza kuandika pia neno la mtu asiyeweza kuandika. Ikiwa leo twaitumia kwa ajili ya meza zetu tu, basi tumeipunguza. Tena ikumbukeni ngazi ya Whitehall: karani naye yumo katika ngazi hiyo, wala hayuko mbali sana na kidato cha chini.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Mwezi uliopita nalikwenda kumjulia hali mzee yule. Binti yake sasa ndiye afagiaye ofisi ileile, kwa mkandarasi mwingine, na malipo kwa siku kama zamani. Nalimwuliza yule binti kama huenda kupimwa presha, kwa kuwa maradhi haya huandama jamaa. Akaniambia, "Baba mdogo, nitakwenda siku watakayoniruhusu." Naomba wanachama, tutakapopiga kura, tuikumbuke siku hiyo, kwa sababu yaweza kuandikwa na mmoja wetu.



(Baada ya hotuba wanachama waliuliza maswali kwa muda wa saa nzima. Mwanachama mmoja alipinga sharti la kwanza, akihofu ya kuwa litachelewesha mpango mzima, wengine wakamjibu. Masharti yote matano yalikubaliwa kwa kura, na Katibu ameagizwa kuandika barua. Wanachama watakaopenda kusaidia kazi ya kubandika vifungu vya sheria wampe Katibu majina yao.)